Aliyejua Kufunga Mpira

Bi Zuleikha hakuwa mtu wa kuomba. Katika miaka yake sabini na mbili alimwomba mwanawe wa pekee, Badriya, mambo ya kuhesabika kwa vidole, na zito kuliko yote alimwomba jikoni, wawili wao wakichagua mchele.

"Siku yangu ikifika," alisema, macho yake kwenye ungo, "wewe ndiye utakayen'osha. Sitaki mikono ya watu mimi."

"Mama, hebu acha maneno hayo. Nani kasema unakufa?"

"Sikukuuliza kama nnakufa. Nimekuuliza kama utan'osha."

"Ntakuosha."

Wakarudi kwenye mchele wao. Lakini ahadi ile Badriya hakuichukulia mzaha. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ndiye mwenye haki ya kwanza. Tena kwao mwanamke hendi makaburini. Jeneza likishavuka kizingiti, kwake ndiyo basi. Kusalia na kufukia ni kazi ya wanaume. Pale kwenye maji ndipo binti anapomshika mamake kwa mara ya mwisho duniani, na hapana pengine.

Simu ilikuja Jumatano saa moja ya asubuhi. Badriya alikuwa Kendwa, kwenye nyumba ya kupanga anayokaa na mumewe Simai, mkuu wa mapokezi katika hoteli moja ya huko. Aliyepiga ni Bi Mayasa, mdogo wake Bi Zuleikha, na hakuzungusha maneno.

"Mamako katutoka, mwanangu. Kasali alfajiri, kajinyoosha, hakuamka. Adhuhuri tunamzika. Maji tutatia saa nne, nnakungoja wewe."

"Nnakuja, mamdogo. Msianze bila mimi."

"Tuanze vipi bila wewe? Mwenyewe keshasema."

Badriya alilia kidogo tu, akajizuia. Alijua ana kazi inayomngoja mjini, na kazi ile haitaki mikono inayotetemeka. Simai akaomba ruhusa kazini, akatia mafuta, na saa mbili na robo walikuwa barabarani. Kutoka Kendwa hadi mjini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa dereva asiye na pupa. Muda ulikuwepo, tena wa kusaza.

Walikuwa wameshaipita Kinyasini, wako katikati ya mashamba ya mpunga, mpira wa nyuma wa kushoto ulipopasuka. Gari likayumba, Simai akaliweza, akalivuta pembeni kwenye udongo. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

"Usitie wasiwasi," alisema. "Dakika kumi tu."

"Haya," Badriya akajibu.

Na neno hilo moja ndilo lililomponza. Simai hakujua kubadili mpira wa gari. Badriya alijua. Na kila mmoja wao aliyajua yote mawili.

Tuyaseme yalivyo. Wazee wa Badriya upande wa babake walikuwa watu wa mashamba ya karafuu na nyumba ya ghorofa, lakini dunia huzunguka, na Salem, babake, alikula kwa kuziba pancha Mwanakwerekwe ndani ya kibanda cha mabati, wala hakuona haya. Mtoto wa kiume hakujaaliwa, basi ujuzi wake akaumimina kwa aliyekuwepo. Badriya alipofika miaka kumi na miwili alikuwa akifungua mpira na kufunga mwingine kabla chai ya babake haijapoa. Kwanza jiwe nyuma ya gurudumu jingine, gari lisitembee. Kisha nati zilegezwe gari lingali chini, maana likishanyanyuliwa gurudumu huzunguka pamoja na spana, na wewe ukazunguka nalo. Jeki iwekwe penye chuma, na chini yake kitu kigumu kama ardhi ni laini. Nati iliyogoma haipigwi wala haitukanwi. Spana hupandwa kwa mguu, mwili mzima. Salem alikufa hana wasiwasi kwamba mwanawe atalala njiani.

Ujuzi huo ndio uliowatia balaani miaka mitano nyuma, walipokuwa wanakwenda harusini Tunguu. Gari la kuazima lilipata pancha. Simai alikuwa na kanzu mpya, haijaguswa na vumbi. Badriya akavua viatu vya kisigino, akampa mumewe mkoba wake amshikie, akachutama akafanya kazi. Hakufikiria lolote, kwake ilikuwa sawa na kufunga kifungo. Wakati huohuo wajomba zake wakapita na gari lao, na mmoja akapiga picha: mke na spana, mume na mkoba wa shanga kwapani. Picha ikazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Simai, ambaye tayari walikuwa wakimwita "yule wa shamba" kwa kuwa kwao ni Makunduchi, si mjini, akapata jina jipya: Bwana Mkoba. Sikukuu mbili walimwita hivyo huku wakimpakulia pilau. Hakugombana na mtu. Alicheka nao, kisha sikukuu ya tatu akasema ana zamu kazini, na ya nne vilevile.

Hapo Bi Zuleikha akamwita bintiye chumbani, akarudishia mlango. "Ujuzi wako mzuri," alimwambia, "lakini usimvue nguo mumeo mbele za watu. Ndugu zangu nnawajua mimi, wana ulimi. Mume akishadharauliwa na wakwe, nyumba haina raha tena. Mfichie, mwanangu." Badriya akaahidi kuwa Simai hatamwona tena na spana mkononi, na kwa miaka mitano hakumwona.

Basi asubuhi hii alikaa ndani ya gari, mikono mapajani, akimsikiliza mumewe. Alimsikia akitoa vikorokoro vyote kwenye buti kuitafuta jeki, na peke yake hiyo ilikula robo saa. Kisha akahisi gari linanyanyuka upande mmoja, na moyo ukamshuka, kwa sababu hakuwa amesikia nati hata moja ikilia. Kanyanyua kabla ya kulegeza. Akainama dirishani.

"Vipi?"

"Karibu nnamaliza."

"Labda ungelishusha kwanza..."

"Badriya, nnajua."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba aachiwe kitu chake kimoja, naye akamwachia.

Saa tatu na nusu Bi Mayasa akapiga. "Mpo wapi?"

Ilitosha kusema mpira umepasuka. Wajomba walikuwa wamejaa barazani pale na magari yao yako Darajani. Mmoja angetoka mara moja kuja kuwachukua. Lakini wajomba ni walewale. Badriya aliwaona wakishuka na viatu vyao visafi, wakimtazama Simai na magoti yake yenye tope, na siku zote tatu za matanga wakipata cha kutafuna.

"Tushapita Mahonda, mamdogo," alisema.

"Haya, mwanangu. Tunakungoja."

Mficha uchi hazai. Wahenga waliosema hivyo walimjua Badriya kabla hajazaliwa.

Simai akalishusha gari, akajaribu nati zikiwa chini, na hapo akakuta zimegoma kwa kutu. Akaitia spana, akaipiga kwa jiwe. Mzee mmoja mwenye Vespa akasimama, akatoa salamu, akauliza kama wanataka msaada. "Ahsante, mzee wangu, nshamaliza," Simai alimjibu kwa adabu zote. Mzee akalitazama gurudumu, akaitazama jeki, akamtazama Badriya aliyekaa ndani, akawasha Vespa yake akenda zake polepole, hajui aamini macho au masikio.

Baadaye ikaja gari ya abiria inakwenda mjini, na Badriya akashuka akanyoosha mkono. Ikasimama. Nafasi moja ilikuwepo, karibu na mlango. Simai akainuka kutoka chini.

"Waniacha njiani?" aliuliza. "Ukafike peke yako msibani, wakuulize mumeo yuko wapi?"

Badriya alisimama mguu mmoja barabarani. Angeweza kusema: mamangu yumo ndani, kalazwa, ananingoja. Alimwangalia mwanaume yule aliyeloa jasho tangu shingoni mpaka kiunoni, aliyemwoa na kumtunza na kutomwinulia sauti hata siku moja, na huruma ikamshika pale ambapo hasira ndiyo iliyotakiwa. Konda akagonga bati: anapanda au hapandi? Hakupanda.

Masika yalikuwa yameilainisha ardhi. Nati tatu zilipokwisha kulegea kwa jiwe, Simai akanyanyua tena, na jeki ikadidimia taratibu mpaka gari likateleza na kurudi chini kwa kishindo. Akampigia simu dereva wa hoteli. Dereva akasema anakuja, kwa sauti ile ya mtu ambaye bado hajavaa viatu. Saa nne na robo simu ya Badriya ikalia tena.

"Tuko Bububu," alisema kabla hajaulizwa. "Kuna foleni."

"Foleni saa hizi?"

"Naam, mamdogo."

"Maji na majani ya mkunazi yako tayari. Sanda ishakatwa. Wajomba zako wanahimiza, mimi nnawazuia. Lakini fanyeni haraka, mwanangu. Ukishika kichwa chake wewe, sisi wengine tutafuata."

Badriya akafunga simu, akashika kitasa cha mlango, akakiachia. Nje, Simai alikuwa anachimba udongo chini ya gari kwa kipande cha chupa, kuitoa jeki ilikozama. Akachimba, akaitoa, akaiweka palepale, ikazama palepale. Muda ukapita, na Badriya akiuona unavyopita. Kila dakika alijiambia, asiponambia nishuke dakika hii, ntashuka mwenyewe. Kila dakika akaiongeza nyingine.

Saa tano kasoro dakika ishirini simu ikalia mara ya tatu.

"Badriya, siwezi kuzuia zaidi," Bi Mayasa alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Maiti haicheleweshwi, wewe mwenyewe wajua."

"Dakika kumi, mamdogo. Nipe dakika kumi."

"Nshakupa dakika arubaini, mwanangu."

Hapo akashuka. Alifunga mtandio nyuma ya shingo, akakunja mikono ya baibui mpaka kwenye viwiko. Simai alikuwa kachutama, spana anayo, hafanyi kitu. Badriya akanyoosha mkono. Akapewa spana papo hapo, utadhani mwenzake alikuwa akingoja aombwe.

Alivuta jiwe bapa kutoka mtaroni, akalilaza chini ya jeki. Jiwe jingine akalisukuma nyuma ya gurudumu la kulia. Nati mbili zilizobaki akazipandia spana kwa miguu yote miwili, mkono mmoja kwenye paa la gari. Ya kwanza ikalia, ya pili ikagoma, akaruka juu yake mara tatu mpaka ikaachia. Akanyanyua, akatoa, akapachika spea, akakaza nati kwa kuvuka, hii na ile iliyo mbali nayo, kama alivyofunzwa. Simai alikuwa akimpa nati moja moja. Kazi yote ilichukua dakika kumi na tatu. Alipomaliza hakufuta mikono, aliingia garini akafunga mlango.

Walipita Mahonda kwa kweli sasa, na ilikuwa imeshapita saa tano.

"Nlikuwa nangoja unambie nikupishe," Simai alisema. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Na mimi nlikuwa nangoja unambie nishuke."

"Nliona haya kukwambia."

"Nnajua."

Akaendesha kidogo. "Ningekupa spana tokea mwanzo, Badriya. Wallahi ningekupa. Pale hapakuwa na mtu anayetujua."

Hilo ndilo lililomkata maini. Hapakuwa na mtu anayewajua. Kulikuwa na mpunga, na ndege wa mpunga, na barabara. Wajomba wote walikuwa mbali, wamekaa barazani, hawaoni kitu. Alikuwa amemfichia mumewe aibu mbele ya shamba tupu. Badriya aligeuza uso dirishani mpaka mjini.

Gari haliingii vichochoro vya Mji Mkongwe. Waliliacha Darajani, wakaenda kwa miguu, kisha mbio, Badriya kashika baibui lake kwa mikono miwili. Walipokata kona ya mwisho alizisikia sauti kabla hajaona kitu, sauti za wanaume wengi, za chini, zinazopokezana, La ilaha illa Llah. Kichochoro kile hakipiti watu watatu sambamba. Jeneza lilikuwa linakuja mbele yao, limefunikwa kitambaa cha kijani, limeinuliwa mabegani, na halikuwa na pa kupita ila pale aliposimama yeye.

Akajibana mlangoni mwa watu. Mjomba wake Badar, aliyekuwa mbele, ndiye aliyemwona Simai. Hakucheka, wala hakumwita jina lolote la kuchezea. Alisogea akamwachia nafasi chini ya mti wa jeneza. "Njoo, mkwe," alimwambia. "Mbebe mamako."

Simai akamtazama mkewe. Kisha akaingia chini ya jeneza, akatia bega, akaenda nao. Ndivyo inavyotakiwa, na mwanaume yeyote angefanya hivyo. Jeneza likapita karibu na uso wa Badriya kiasi cha kusikia harufu ya udi na kafuri. Alinyoosha mkono aguse ncha ya kitambaa, akauona mkono wenyewe, mweusi kwa grisi na tope mpaka kwenye vifundo, na mamake yumo mle katoharishwa, kasafishwa kwa ajili ya Mola wake. Akaurudisha. Wanaume wakaendelea kupita, wengine wakimpa pole kwa kichwa, mpaka kichochoro kikawa kitupu.

Ndani, wanawake walikuwa wamekaa chini ukumbi mzima, na juzuu za Kurani zilikuwa zishaanza kugawiwa. Bi Mayasa alimpokea mlangoni. Kanga yake ilikuwa bado imeloa kifuani.

"Nlimwosha mimi," alisema. "Nlimwosha polepole, nikisema huyo anakuja, huyo anakuja. Kichwa nlikiacha mwisho. Nikarudia maji pasipotakiwa kurudiwa, mpaka wenzangu wakanambia Mayasa, basi."

Badriya akaitazama ile kanga iliyoloa.

"Kwani mlikwama wapi? Ulisema mko Bububu."

"Hatukuwa Bububu. Mpira ulipasuka Kinyasini."

"Maskini," Bi Mayasa akasema, na wanawake waliokuwa karibu wakageuka kusikiliza. "Na Simai mambo hayo hayajui."

"Mimi nnayajua."

Shangazi mmoja akasita na juzuu yake mkononi. Badriya hakuishusha sauti.

"Nnajua kufunga mpira tangu mtoto, mamdogo. Baba alinfunza. Nimekaa ndani ya gari karibu saa mbili, nimekunja mikono, nakudanganyeni kwenye simu, na kazi yenyewe nlipoishika haikufika robo saa."

Bi Mayasa alimtazama mikono, kisha uso. Alikuwa mtu mwema, na akatafuta neno la mtu mwema. "Mungu hakukuandikia, mwanangu. Angekuandikia ungewahi."

"Usimsingizie Mungu, mamdogo," Badriya alisema. "Aliyekaa garini ni mimi."

Kisha akalia, kwa sauti, mbele za wote.